Dunia Iliyozibwa kwa Brashi

Bi Thiriet alifika miaka sabini na meno yake yote kinywani, na kila nilipomwona anatafuna nilijiuliza Mungu anamlishia nini mtu yule. Miaka ishirini na sita nilimwamkia kila asubuhi. "Umeamkaje, Bi Thiriet?" "Salama, Barbe." Tukaketi chumba kimoja, tukachovya brashi kwenye wino mmoja, na hata siku moja sikumtakia heri. Padri aliniambia nisahau. Nikamuuliza, "Baba, wewe dada yako yuko wapi?" Akasema yuko Toul, huja kumtembelea kila Pasaka. Nikamwambia, "Basi wewe sahau. Wangu yuko Argentina."

Dada yangu ni Apolline Houillon. Hapa Nancy waliomjua wamebaki wachache, na wengi wao walimjua kwa jina la kumcheka, kwa hiyo acha nimseme mimi.

Alikuwa mrefu, mfupa mtupu, na mikono mikubwa kama ya mwanamume. Ukimwona ungesema huyu wa kubeba magogo. Lakini mpe brashi yenye nywele tatu, uone. Alinitangulia kuja mjini kutoka kijijini kwetu kule mlimani, Vaudémont, akapata kazi kwa Bwana Colnot, mwenye nyumba ya kuchapa picha. Nilipofika miaka kumi na sita akaniita nami. Mama akabaki peke yake na mbuzi wawili na kikohozi. Tulikuwa na chumba kimoja juu kabisa chini ya paa, kitanda kimoja, na dirisha ambalo ukitaka kulifunga inabidi ulipige ngumi.

Kwa Colnot picha zilichapwa kwa mawe. Kila rangi na jiwe lake. Picha moja ingeweza kupita kwenye mawe kumi na manne. Sasa jiwe likiwa na vumbi, au unywele, au kipande cha ngozi ya kidole cha mchapaji, pale wino haushiki, na karatasi inatoka na doa jeupe. Sisi wanawake tulikuwa ghorofani kwenye mwanga, kazi yetu kuziba yale madoa. Unachanganya rangi mpaka ifanane, unachovya, unalamba brashi iwe na ncha, unagusa. Basi. Doa halipo. Tulilamba sana. Ukituambia toeni ndimi ungejua siku hiyo tumeziba nini: majani, bahari, au gauni la Bikira Maria.

Bi Thiriet ndiye aliyekuwa msimamizi wetu. Alipita nyuma yetu na kioo cha kukuzia, kimya, viatu vyake vya kitambaa havisikiki, unashtukia tu pumzi yake ya kitunguu shingoni. "Mangin, umeacha kiroboto kwenye wingu." "Houillon mdogo, hilo ni shavu la mtoto au nyanya?" Dada yangu peke yake hakukosolewa, kwa sababu hakukuwa na cha kukosoa. Meza yetu, meza ya dirishani, ilikuwa ya Apolline, yeye kiongozi na sisi wasichana wanane. Na hilo nalo Bi Thiriet lilimkaa kooni. Mtu asiyekosea humchosha msimamizi.

Mwaka ule, elfu moja mia tisa na tisa, watu wote walishikwa na homa ya Mirihi. Nyota ile ilikuwa inakaribia, magazeti yalisema kule kuna mifereji, kuna watu, wengine walisema wana vichwa vikubwa. Muuza soseji wa sokoni alibandika kibao, "Soseji za Mirihi," zilikuwa zilezile za juzi. Basi Bwana Colnot akapata kazi kubwa, kitabu cha picha za nyota, na mchoraji alikuwa Bwana Evrard, kizee mmoja wa Malzéville, ng'ambo ya mto, aliyejenga kijumba cha darubini juu ya banda la sungura. Alichora nchi ambazo hakuna aliyezikanyaga. Pete za Zohali ukizitazama ukiwa umesimama huko huko. Dunia ikichomoza juu ya milima ya mwezi, kubwa, ya buluu. Na moja iliitwa Jioni kule Mirihi.

Hiyo ndiyo picha yenyewe. Nchi nyekundu, mawe matupu, hakuna mti, hakuna nyumba. Jua limezama sasa hivi. Anga zambarau, inakwenda ikikolea. Na katika anga ile yote kubwa, vinukta viwili vyeupe, kimoja kama kichwa cha pini, cha pili pembeni yake kama vile umechoma kwa sindano.

Apolline ndiye aliyetumwa kumpelekea Bwana Evrard karatasi za majaribio aziangalie. Alikwenda kwa miguu mara nne au tano, na kila akirudi alikuwa kama mtu aliyetoka harusini. Siku moja alinishika mkono tukitoka kazini, hakunipeleka nyumbani, akanipeleka darajani.

"Tazama pale," akasema, "juu ya kiwanda cha ngozi."

"Naona bomba la moshi."

"Juu ya bomba, Barbe, punguani wewe."

Ilikuwa Zuhura, nyota ya jioni. Kila mtu anaijua.

"Bwana Evrard anasema, vile sisi tunavyoiona ile, ndivyo wa kule Mirihi wangetuona sisi. Vile vinukta viwili kwenye picha. Kikubwa ni Dunia. Kidogo ni mwezi."

Nikacheka. "Dunia nzima? Kichwa cha pini?"

"Nzima."

"Na Nancy imo?"

"Imo."

"Na mama?"

"Mama yumo, na mbuzi, na kikohozi chake. Na baba kaburini yumo."

"Na Bi Thiriet?"

"Kwa bahati mbaya."

Tukacheka mpaka mpita njia akatuuliza kama tumekunywa. Lakini Apolline hakuondoka pale. Alikuwa ametoka kijijini miaka sita, na mama alikuwa amemwona mara tatu tu, na mara zote kwa siku moja. Akaniambia, "Mdogo wangu, nikiwa kwenye ile meza na karatasi iko mbele yangu, najiona nimesimama kule kwenye mawe mekundu. Nimechelewa, sijui njia, na nyumbani ni pale. Ningetaka kurudi hata kwa kutambaa. Umewahi kuona picha ikakufanya utamani ulipo?" Nikamwambia mimi natamani supu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nisameheni, au msinisamehe, yote sawa.

Karatasi zilipotoka kwenye jiwe la kumi na nne zilikuwa elfu moja na mia mbili. Zikapandishwa juu Alhamisi asubuhi. Apolline akatukusanya mezani, akatuonyesha. "Zibeni yote, ila hivi viwili. Hivi siyo madoa." Zoé, mwenzetu wa mguu mfupi, akauliza, "Ni nini?" "Ni sisi," akasema Apolline. Tukaona ana maneno ya ajabu, lakini tukaelewa.

Bi Thiriet akaja na kioo chake. Akainama. "Houillon, anga yako ina vumbi mbili."

"Siyo vumbi, Bi Thiriet. Ni Dunia na mwezi."

"Ni nini?"

Apolline akamweleza. Alimweleza vizuri, kwa heshima, kama alivyoelezwa. Hapo ndipo alipokosea, kumweleza Bi Thiriet jambo mbele ya wasichana wanane. Nikaona shingo ya yule mwanamke inabadilika rangi.

"Miaka ishirini na miwili natazama anga za nyumba hii," akasema. "Anga ya Colnot hutoka safi. Nyota ina miale minne, nimewafundisha mwenyewe kuichora. Hii haina mwale hata mmoja. Hii ni vumbi."

"Muulize Bwana Evrard."

"Nimuulize mfuga sungura kazi yangu?"

"Basi muulize Bwana Colnot, bibi. Ni hatua kumi na tano kushuka."

Bi Thiriet hakushuka. Angeshuka ingeonekana kuwa amemsikiliza. Akamwambia Apolline ainuke, akamtuma chumba cha nyuma akapange karatasi tupu, kazi ya wanaoanza. Apolline akasimama mlangoni akasema, "Ukiviziba, bibi, umeharibu picha yote." Bi Thiriet akasema, "Mlango." Kisha akatugeukia. "Kila doa. Narudia, kila doa. Atakayeacha hata moja, kesho akatafute kazi ya kuosha matumbo ya ng'ombe."

Tukaziba. Alhamisi, Ijumaa, na Jumamosi mpaka mchana. Ilikuwa zambarau nzuri, tuliichanganya wenyewe. Chovya, lamba, gusa. Chovya, lamba, gusa. Dunia ikapotea karatasi moja, ikapotea ya pili. Ukiipinda kwenye mwanga hungeona hata alama, tulijua kazi. Clémence Mangin, ambaye hakuweza kukaa bila utani, alikuwa akisema kila akigusa, "Kwaheri, mama mkwe." Nasi tukacheka, tukaziba. Na mimi nilikuwa najua ni nini ninachokiziba. Zoé angeweza kusema hakuelewa sawasawa. Mimi nilisimamishwa darajani nikaonyeshwa.

Jumamosi saa nane mchana Bwana Evrard akaja mwenyewe, na koti lake la kanisani, atie sahihi zile karatasi za kwanza mia. Bwana Colnot alikuwa naye, sigara mdomoni, furaha tupu. Kizee akachukua karatasi ya juu. Akavaa miwani. Akaiweka, akachukua ya pili. Akachukua ya katikati ya rundo. Sauti yake ilikuwa ndogo kabisa.

"Dunia iko wapi?"

Bwana Colnot akadhani ni mzaha. "Tunaikanyaga, rafiki yangu!"

"Dunia iko wapi, Colnot? Hapa palikuwa na Dunia."

Wakatazama. Wakaleta kisu wakwangue, karatasi ikaota manyoya. Wakaleta rangi nyeupe, Bwana Colnot akatia nukta kwa mkono wake, kizee akatazama akasema, "Hicho ni kinyesi cha njiwa. Ule ulikuwa mwanga wa karatasi yenyewe. Nilikwambia mwanga utoke ndani." Na mawe? Mawe yalishasuguliwa picha ikafutika asubuhi ile ile, yachorwe matangazo ya bia. Ndivyo tulivyofanya siku zote, jiwe halilali na picha ya jana. Karatasi elfu moja na mia mbili, rangi kumi na nne, zote za kuwashia jiko.

"Nani?" akasema Bwana Colnot. Sigara ilishazimika.

Bi Thiriet hakusita hata kidogo. "Meza ya dirishani, bwana. Ni meza ya Houillon."

Apolline akaitwa kutoka nyuma. Akasimama na vumbi la karatasi kwenye nyusi. Bwana Colnot akamuuliza, "Houillon, wewe ndiye uliyekuwa ukipeleka karatasi Malzéville. Ulijua?" Akasema, "Nilijua, bwana." "Na meza ni yako?" "Ni yangu." Halafu akatutazama sisi. Siyo kwa ukali. Alikuwa anangoja tu, kama unavyongoja mtu amalize kuvaa viatu mtoke pamoja.

Wasichana wanane tulikaa pale, ndimi zetu zambarau kama za wafu. Mtu angetuambia tu fungueni vinywa, yangeisha. Ulimi wa Apolline ulikuwa mwekundu safi kama wa ndama. Hakuna aliyetuambia tufungue, na sisi hatukufungua. Bi Thiriet alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, mkono wake begani kwangu, mwepesi tu, na mimi nikatazama ndani ya kikombe changu cha rangi. Apolline akaniona ninavyotazama kikombe. Akasema, "Sina la kusema, bwana."

Nilimuuliza jioni ile, huku nalia, kwa nini hukumtaja Bi Thiriet? Alikuwa akikunja sketi zake. Akasema, "Ningemtaja, Bwana Colnot angewafukuza wote wanane mlioziba, na wewe wa kwanza, na mama angekula nini? Nilidhani mtu mmoja atasema mwenyewe." Hakutaja jina la huyo mtu mmoja.

Kama ingeishia pale labda ningekaa kimya. Lakini mji huu una midomo. Gazeti likaandika kwa mzaha kwamba Dunia imekwisha Jumamosi saa nane, kwa mkono wa binti wa kiwanda, na kwamba wasomaji waendelee kulipa kodi. Kuanzia hapo hakuwa Apolline tena, alikuwa Mzima-Dunia, aliyeizima Dunia kama taa. Muuza mkate: "Mzima-Dunia, nikupe mkubwa au utauzima?" Alibisha hodi nyumba zote za uchapaji, Nancy, Lunéville, hadi Épinal. Wakishasikia jina wanaanza kucheka, wakishacheka wanasema hapana. Bwana Evrard ndiye peke yake angeweza kusaidia, naye aliamini alichoambiwa. Dada yangu alikwenda Malzéville, kizee akazungumza naye dirishani bila kufungua mlango. "Nilikwambia wewe peke yako," ndivyo alivyomwambia, akafunga na dirisha. Kitabu kilitoka bila picha ile. Kizee akafa baada ya miaka miwili.

Mwezi wa tisa Apolline akachukua meli Bordeaux pamoja na familia moja ya wafuma kofia waliokuwa wanahamia Rosario, Argentina. Stesheni aliniambia, "Usilie, hutaonekana vizuri na pua hiyo." Akaniambia pia, "Siku wakijua, nitarudi. Siwezi kuzeeka mahali ninapochekwa." Nikamwambia watajua. Ndivyo nilivyomwambia, na kesho yake Jumatatu nilikuwa kazini, "Umeamkaje, Bi Thiriet."

Mama akafa mwaka wa kumi na mbili. Siku za mwisho aliniita Apolline, sikumsahihisha. Barua ilifika Rosario mama akiwa chini wiki nne. Halafu vita, mabomu ya Wajerumani yakatuangukia hadi sokoni, halafu amani, halafu kila kitu kikapanda bei. Apolline aliandika mara mbili kwa mwaka. Alikuwa anapiga pasi mashati ya matajiri. Mikono ile! Hakuolewa. Barua zake zilikuwa fupi, na kila moja iliuliza jambo dogo dogo: je, dirisha bado halifungi bila ngumi? Mirabeli, zile plamu zetu ndogo za njano, mwaka huu ni tamu? Yule kipofu wa kinanda cha mkono bado yupo kona ya kanisa? Kipofu alishakufa zamani, nilimwambia yupo. Mara moja tu aliandika kuhusu lile jambo. Alisema: "Nilidhani nitazoea kuwa mbali, lakini bado nimesimama kwenye mawe mekundu, na mnajua nilipo, lakini hamnioni." Kila Januari nilimwandikia, "Bado, dada." Yeye aliyekuwa anangoja habari aliijua maana yake.

Ungeniuliza kwa nini sikusema miaka yote ile. Niliogopa, kisha niliona haya ya kuogopa, kisha nikaona haya ya kuchelewa, na ukishafika hapo unaweza kukaa miaka kumi bila kusogea. Na ningesema kwa nani? Neno langu na neno la msimamizi. Angesema si kweli, wakaamini, likaisha, na mimi nikabaki bila hata hilo neno moja nililoliweka akiba.

Sasa, sisi watu wa mawe tuna sikukuu yetu, Mtakatifu Yohana wa mwezi wa tano, tarehe sita. Mashine zinasimama, meza zinapangwa uani, wenye nyumba wanakula na wafanyakazi. Na mtu anayestaafu mwaka ule ni lazima aoshwe. Haoshwi kwa maji. Anavalishwa kofia ya karatasi, anakalishwa juu ya kreti, jiwe la kuchapia linawekwa magotini kwake, na anaweka kiganja juu yake. Kila mwenzake ana haki ya kumtajia kosa lake moja, na yeye anajibu, "Ni kweli," au "Si kweli." Hawezi kuinuka mpaka wote wamalize. Akidanganya na mkono uko juu ya jiwe, inasemekana mawe ya nyumba yatapasuka mwaka mzima. Wachapaji ni watu wazima, wana ndevu na vyama vya wafanyakazi, lakini sijaona hata mmoja anayethubutu kucheza na hilo. Mzee Firmin aliwahi kukiri pale pale kwamba mtoto wa pili wa jirani ni wake.

Mwaka wa thelathini na tano, aliyekuwa anastaafu alikuwa Bi Thiriet.

Walimvalisha kofia. Alikuwa amefurahi, mashavu mekundu kwa mvinyo, na Bwana Colnot mkubwa, mzee wa miaka themanini na kitu, alikuwa ameletwa kwa kiti cha magurudumu makusudi amuone. Zamu zikaanza. "Unaficha peremende kwenye soksi!" "Ni kweli!" "Ulilala kwenye mazishi ya askofu!" "Ni kweli, alihubiriwa vibaya!" Watu wakapiga meza. Clémence Mangin, sasa mnene, mjane, akasema, "Unanuka kitunguu tangu enzi za babu yangu!" "Si kweli!" Uani kote wakapiga kelele, "Mawe! Mawe yatapasuka!" mpaka akasema haya, ni kweli, ni kweli.

Nilikuwa nimejiweka wa mwisho. Niliposimama nikashika meza.

"Bi Thiriet," nikasema, "mwaka wa tisa, Alhamisi, Apolline dada yangu alikwambia vile vinukta ni Dunia na mwezi. Ukamtoa chumbani. Ukatuamuru tuvizibe. Jumamosi ukasema ni yeye."

Mtu mmoja upande wa mashine akacheka, akidhani ni utani wa Mzima-Dunia ule wa zamani. Kisha hakucheka tena.

Bi Thiriet alinitazama. Kofia ya karatasi ilikuwa imemshukia sikio moja. "Si kweli," akasema.

Nilijua atasema hivyo, nilikuwa nimelala na hilo neno miaka ishirini na sita. Bado nikataka kukaa. Hapo nikasikia kiti kinakwaruza. Zoé alikuwa anainuka, na Zoé kuinuka ni kazi.

"Ni kweli," akasema Zoé. "Nilikuwepo. Niliziba."

Clémence akabaki ameketi, kijiko mkononi. Nikamtazama. Nilimtazama kama dada yangu alivyonitazama mimi. Akatupa kijiko kwenye sahani. "Ah, mateso gani haya!" akasema. "Ni kweli. Niliziba na mimi, na nilikuwa nacheka."

"Houillon mkubwa alikataa?" Ilikuwa sauti ya Bwana Colnot mzee, kavu kama karatasi.

"Alikataa, bwana," nikasema. "Alimwambia bibi ashuke akuulize. Ni hatua kumi na tano."

Bwana Colnot akageuza kiti chake mpaka akamwelekea. "Thiriet. Mkono uko juu ya jiwe."

Sijui kama aliogopa mawe au alichoka tu. Nilimtazama bila kupepesa kope. Alianza kwa kutikisa kichwa, kisha akaacha. "Ningeshuka," akasema, "angenicheka. Kila siku alikuwa sahihi, yule. Kila siku." Halafu, kwa sauti ambayo waliokuwa nyuma waliomba irudiwe, naye ikabidi airudie: "Ni kweli."

Alinyoosha ule mkono mwingine kwangu. "Barbe, nisamehe, mwanangu. Mimi ni mzee."

"Muombe Apolline," nikasema. "Anwani ninayo."

Wapo walioona nimekuwa mkali siku ya sikukuu. Waone. Niligeuza karatasi ya orodha ya chakula, ile tunayoichapa wenyewe kila mwaka na maua pembeni, upande wa nyuma mtupu, nikaiweka juu ya jiwe lile lile magotini kwake, nikampa penseli. Akaandika. Aliandika yote, nilimsimamia kama yeye alivyotusimamia sisi, na alipoandika "kulikuwa na kutoelewana" nilimwambia afute, akafuta. Clémence akaandika. Zoé akaandika na kuomba karatasi ya pili kwa sababu alikuwa na mengi. Bwana Colnot mzee akatia sahihi, na chini yake akaongeza kwamba meza ya dirishani iko wazi na haina kiongozi.

Ikanifikia mimi mwisho. Mimi shule niliiacha nikiwa na miaka tisa, herufi zangu zinakwenda kila moja njia yake. Watu walishaanza kula pai na kuzungumza mengine. Clémence akachungulia begani kwangu. "Unaandika nini siku nzima? Mwambie aje, basi."

"Ngoja," nikamwambia. "Naanza na langu."

Nikaandika: Apolline, mimi Barbe niliziba mia moja na hamsini na tatu, na nilijua. Sasa wamejua wote. Rudi.